Sifa za Mchukuzi wa Mwisho

Neno mahindi, kama masikio yenyewe yanavyosikia, linaelekeza India. Waitalia nao huiita nafaka hiyo hiyo granoturco, yaani nafaka ya Kituruki. Ukweli ni kwamba mahindi hayakuanzia India wala Uturuki. Yalianzia katika bonde la mto Balsas, kusini mwa nchi ya Mexico, ambako wakulima ambao majina yao hayakuandikwa popote waliyastawisha kutokana na nyasi za porini yapata miaka 9,000 iliyopita. Lakini mataifa yalipolipokea zao hili hayakuuliza sana lilikotoka. Yalimtazama yule aliyesimama mlangoni na mzigo begani, yakalipa zao jina lake. Katika miaka mingi niliyofundisha somo la historia nimeona kwamba hiyo ndiyo desturi ya wanadamu: sifa humwendea mchukuzi wa mwisho.

Jambo hili nataka kulizungumza kwa kutumia mfano ambao pengine utamshangaza msomaji. Mfano wenyewe ni mkahawa wa burrito katika mji wa Denver, jimbo la Colorado, nchini Marekani. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu wa miaka 74, na vitabu vya historia nilivyovisoma chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970 vilikuwa vimejaa wafalme, vita na mikataba. Sahani ya chakula haikuwamo. Hata hivyo, mtu akiwa na subira ya kuuliza, sahani humweleza mambo ambayo mikataba imeyaficha. Binti yangu anaishi huko Denver pamoja na mumewe na watoto wao, nami nilikwenda kuwatembelea. Siku moja ya Jumamosi wajukuu waliamua kwamba Babu hawezi kurudi Tanzania kabla hajala burrito.

Mkahawa tuliokwenda ni wa kampuni iitwayo Chipotle. Si hoteli ya kuketi ukangoja mhudumu alete orodha ya vyakula, wala si kibanda cha kununua kitu kilichofungwa tangu asubuhi. Uko katikati ya hayo mawili. Unapanga foleni mbele ya kaunta ndefu yenye kioo, na nyuma ya kioo kuna vyombo vya chuma vilivyojaa chakula cha moto. Mhudumu wa kwanza huchukua mkate mwembamba wa ngano uitwao tortilla, mpana kuliko chapati yetu na laini kuliko hiyo, akaubana kwenye mashine kwa nukta chache upate moto. Kisha unaanza kuulizwa. Wali mweupe au wa kahawia? Maharage meusi au yale ya madoadoa? Nyama ya kuku, ya ng'ombe au ya nguruwe? Mkate wako husogezwa kutoka mkono hadi mkono, kila mmoja akiongeza cha kwake: nyanya zilizokatwakatwa, pilipili, jibini, majani ya saladi, na parachichi lililopondwa ambalo hulipiwa zaidi. Mwishoni yote hukunjwa kwa ustadi, yakaviringishwa katika karatasi ya foili, ukakabidhiwa mzigo wenye uzito wa kichanga.

Waliokuwa wakitia chakula ndani ya mikate yetu walikuwa akina dada watatu na kijana mmoja, wakizungumza Kihispania wao kwa wao na Kiingereza na wateja. Tuliketi, tukala. Mjukuu wangu wa kiume, wa darasa la saba, akanitazama kwa wasiwasi wa mwenyeji.

“Babu, ni kitamu?”

“Kitamu sana, mjukuu wangu. Lakini niambie, hiki ni chakula cha nani?”

“Cha hapa hapa, Babu. Cha Denver. Kampuni hii ilianzia hapa hapa.”

Jibu lile lilikuwa sahihi, na ndiyo maana lilinikaa moyoni. Lingekuwa la uongo ningelisahihisha pale pale na mambo yakaisha. Lakini jibu lililo sahihi kwa hatua ya mwisho tu ya safari ni gumu kusahihishwa, kwa sababu aliyelitoa hana kosa lolote. Hebu tuifuate safari hiyo kinyumenyume.

Ni kweli kwamba mkahawa wa kwanza wa Chipotle ulifunguliwa Denver mwaka 1993, karibu na chuo kikuu cha mji huo, katika jengo dogo lililokuwa duka la aiskrimu. Mwenyewe alikuwa kijana aitwaye Steve Ells. Alikuwa amesomea historia ya sanaa, kisha akajifunza upishi katika chuo mashuhuri cha wapishi kule New York, na baadaye akafanya kazi katika mkahawa wa kifahari wa San Francisco ulioitwa Stars. Ndoto yake ilikuwa kufungua mkahawa wake wa kifahari. Burrito ilikuwa njia tu ya kupata mtaji. Baba yake alimkopesha dola 85,000, na kwa hesabu yao ilitakiwa kuuza burrito 107 kwa siku ili biashara isife. Baada ya muda mfupi alikuwa akiuza zaidi ya 1,000 kwa siku. Mwaka 1998 kampuni ya McDonald's ilitia fedha zake humo, na ilipojitoa mwaka 2006 migahawa ilikuwa imepita 500. Kufikia mwisho wa mwaka 2024 ilikuwa imezidi 3,500. Ule mkahawa wa kifahari haukupata kufunguliwa.

Ells mwenyewe hakuficha alikojifunza. Alipokuwa San Francisco alikuwa akila katika mtaa wa Mission, mtaa wa wahamiaji kutoka Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Huko aliona mikahawa midogo ikiuza burrito kubwa zilizofungwa katika foili, na wateja wakisogea mbele ya kaunta na kuchagua wanachotaka. Yaani ile foleni, ile kaunta, ule mkate mkubwa na ile foili, vyote vilikuwapo Mission kabla ya 1993. Wenye mkahawa wa El Faro husema kwamba Febronio Ontiveros aliuza burrito ya namna hiyo kwa mara ya kwanza Septemba 1961, baada ya wazima moto wa kituo cha jirani kuja dukani kwake wakitafuta chakula cha mchana. Wenye mkahawa wa La Cumbre nao husema waliotangulia ni wao, Septemba 1969. Ugomvi huo siwezi kuuamua, wala hauhitaji hakimu. Inatosha kuona kwamba wanaoshindana ni watu wa mtaa mmoja wa wahamiaji, na kwamba wateja wao walikuwa watu wa kazi ngumu waliohitaji chakula cha kushika kwa mkono mmoja na kushiba hadi jioni.

Tukirudi nyuma zaidi, tunavuka mpaka. Katika kamusi ya maneno ya Kimexico iliyotungwa na Feliz Ramos i Duarte na kutolewa mwaka 1895, neno burrito tayari limo: ni tortilla iliyoviringishwa, ndani yake nyama au kitu kingine. Mkate wa ngano ulikuwa chakula cha kaskazini ya Mexico, nchi kavu ambako ngano iliyopelekwa na wamisionari wa Kihispania ilistawi. Maana ya neno hilo ni punda mdogo. Kwa nini chakula kiitwe punda? Ziko hadithi nyingi, na nyingi zina harufu ya kutungwa baadaye. Jambo lililo wazi ni kwamba punda mwenyewe hakuwa mwenyeji wa huko. Alipelekwa na Wahispania, na asili ya punda wa kufugwa ni Afrika, upande huu wetu wa kaskazini-mashariki. Kwa hiyo kijana wa Denver anapotamka jina la chakula chake cha Jumamosi, anamtaja kwa Kihispania mnyama wa Kiafrika aliyebebeshwa mizigo ya Mexico.

Sasa tuufungue mzigo wenyewe. Pilipili, nyanya na parachichi ni mazao yaliyolimwa Mexico muda mrefu kabla meli za Kizungu hazijaonekana. Hata maneno ambayo Wazungu huyatumia kwa mazao hayo yametoka katika lugha ya Nahuatl, lugha ya Waazteki: chilli, tomatl, ahuacatl. Jina la kampuni yenyewe, chipotle, limetoka katika lugha hiyo hiyo, na maana yake ni pilipili iliyokaushwa kwa moshi. Maharage nayo ni ya bara hilo hilo. Mchele ulitoka Asia, ndimu ikatoka Asia, na giligilani inayonyunyizwa juu ya wali ilitoka nchi za mashariki ya Bahari ya Kati. Ng'ombe, nguruwe, kuku na jibini vilipelekwa na Wahispania baada ya Hernán Cortés kutua mwaka 1519 na kuuangusha mji mkuu wa Waazteki mwaka 1521. Kumbe ndani ya foili ile mna historia ya ushindi wa vita, ya misafara ya meli na ya mashamba ya mabara manne. Yote yamekunjwa pamoja, na mtu huyala kwa dakika 15.

Vitu hivi vyote vilivuka mipaka bila kuulizwa pasipoti. Je, watu nao walivukaje? Hapo ndipo sahani inapoanza kusema maneno mazito.

Kwa watu wengi wa Mexico, mpaka ndio uliowavuka wao. Baada ya vita na Marekani, Mexico ilitia saini mkataba wa Guadalupe Hidalgo mwaka 1848. Ukijumlisha na Texas iliyokwisha kuondoka, nchi hiyo ilipoteza karibu nusu ya ardhi yake. California, pamoja na San Francisco yake na mtaa wake wa Mission, ilikuwamo katika ardhi hiyo. Kusini mwa Colorado kulikuwamo pia. Jina Colorado ni la Kihispania, lenye maana ya wekundu, na mji mkongwe kuliko yote katika jimbo hilo, San Luis, ulianzishwa mwaka 1851 na walowezi waliozungumza Kihispania. Kwa hiyo mtu anayewaona wasemaji wa Kihispania wa Denver kuwa wageni waliofika jana, hajasoma hata kibao kilichoandikwa jina la jimbo lake.

Mwanzoni mwa karne ya 20, kaskazini ya Denver, katika bonde la mto South Platte, kulilimwa viazisukari kwa ajili ya viwanda vya sukari. Kazi ya kupalilia na kuvuna ilifanywa kwa kuinama kutwa nzima, na wengi wa waliokuja kuinama walikuwa Wamexico. Mdororo mkuu wa uchumi ulipofika katika miaka ya 1930, watu hao hao waliohitajiwa jana wakaambiwa kwamba wanawanyima wengine kazi. Mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Mexico walirudishwa Mexico kutoka majimbo mbalimbali, wakiwamo wengi waliozaliwa Marekani na waliokuwa raia halali. Mwezi Aprili 1936 gavana wa Colorado, Ed Johnson, alitangaza amri ya kijeshi kwenye mpaka wa kusini wa jimbo lake, akapeleka askari kuwazuia vibarua wasiingie. Miongoni mwa waliorudishwa walikuwamo watu wa jimbo jirani la New Mexico, raia wa Marekani kama yeye. Kelele zilikuwa nyingi na amri hiyo haikudumu hata mwezi, lakini ilitolewa.

Miaka 6 baadaye upepo ukageuka. Vita Kuu ya Pili iliwachukua vijana mashambani, na mwaka 1942 serikali ya Marekani ikaenda yenyewe Mexico kuomba vibarua. Mpango huo wa braceros, yaani watu wa mikono, uliendelea hadi mwaka 1964, na mikataba iliyoandikwa ilifikia kama milioni 4.6. Angalia neno lenyewe: aliyeitwa hakuwa mtu mzima, ilikuwa mikono yake tu. Kule California wafanyakazi wa mashamba walipewa jembe la mpini mfupi sana, ili msimamizi akitazama kwa mbali ajue mara moja nani ameinama na nani amesimama kupumzika. Jembe hilo liliharibu migongo ya watu wengi, na halikupigwa marufuku huko mpaka mwaka 1975. Mimi nimeshika jembe. Katika miaka ya Elimu ya Kujitegemea kila chuo cha ualimu kilikuwa na shamba, nasi tulilima mahindi kabla ya kuingia darasani. Lakini jembe letu lilikuwa na mpini wa kumwezesha mtu kunyoosha mgongo, na mahindi yale tuliyala wenyewe.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya zamani. Basi tuje karibu. Mwaka ule ule wa 1993, wakati burrito za kwanza zikiuzwa Denver, wachumaji wa nyanya wa Immokalee, jimbo la Florida, wengi wao wahamiaji kutoka Mexico, Guatemala na Haiti, walianza kukutana jioni kuzungumzia ujira wao. Kutokana na mikutano hiyo kikazaliwa chama chao. Dai lao kubwa lilikuwa dogo ajabu: kila kampuni kubwa inunuayo nyanya iongeze senti moja kwa kila ratili, senti hiyo imfikie mchumaji, na shamba linalomtesa mfanyakazi lisinunuliwe nyanya zake. Taco Bell ilikubali mwaka 2005 baada ya kususiwa kwa miaka 4. McDonald's ilikubali mwaka 2007. Chipotle, kampuni iliyojitangaza kwa uadilifu wa vyakula vyake, ilikubali mwezi Oktoba 2012, baada ya kampeni ya miaka kadhaa iliyoelekezwa kwake. Senti moja, msomaji wangu. Parachichi la kuongeza juu ya mkate hulipiwa zaidi ya dola mbili bila mteja kupepesa macho.

Wahenga walisema kwamba fadhila ya punda ni mateke, wakimsema mtu asiye na shukrani. Katika historia hii methali imepinduka: punda ndiye aliyebeba mzigo hadi mwisho, na ndiye aliyepigwa mateke.

Napenda nieleweke vizuri. Simlaumu kijana aliyekopa fedha kwa baba yake akafungua duka. Alifanya kazi, alikipenda chakula, na alisema wazi kwamba alijifunza Mission. Wala siungi mkono wale wasemao kwamba chakula cha watu fulani kipikwe na watu hao tu. Kama sheria hiyo ingefuatwa tangu zamani, Mexico isingekuwa na jibini, Italia isingekuwa na nyanya, nasi tusingekuwa na ugali wa mahindi, chapati wala chai. Mchukuzi naye ana kazi yake na anastahili ujira wake. Ubaya unaanza pale sifa zote zinapoishia kwake, maana mtu asiyetajwa ni rahisi kumsahau, na aliyesahauliwa ni rahisi kumfungia mlango. Unaweza kukitamani chakula chake saa sita mchana na kutaka afukuzwe nchini saa kumi na mbili jioni, usione kwamba mambo hayo mawili yanamhusu mtu mmoja.

Iko hasara nyingine ambayo humrudia mlaji mwenyewe. Nayo ni kwamba, chakula kikichukuliwa bila wenyewe kuulizwa, elimu yake hubaki nyuma. Watu wa Mexico na nchi za jirani hawali mahindi hivi hivi. Tangu zaidi ya miaka 3,000 iliyopita huyachemsha kwa maji ya chokaa au ya majivu, wakayaosha, ndipo wakayasaga. Mgeni akitazama ataona kwamba wanalainisha maganda tu. Kumbe utaratibu huo hufungua kirutubisho kilichofungwa ndani ya punje, ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukipata kwa wingi wa kutosha bila hivyo. Waliochukua mbegu hawakuchukua jiko. Na ugonjwa ukafuata nyuma: pellagra, ugonjwa wa kubabuka ngozi, kuharisha na hatimaye kuchanganyikiwa akili. Ulionekana kwa maskini wa Hispania, ambako daktari Gaspar Casal aliueleza mwaka 1735, kisha ukaenea Italia kwenye granoturco yao. Kusini mwa Marekani, kati ya miaka ya 1906 na 1940, uliwapata watu wapatao milioni 3 na kuwaua kama 100,000. Daktari Joseph Goldberger alihangaika tangu mwaka 1914 kuwathibitishia wenzake kwamba hakuna kijidudu, ni umaskini wa chakula tu. Wakati huo huo, vijijini Mexico, mabibi wasiojua kusoma waliendelea kutia chokaa katika chungu kama walivyofundishwa na mama zao, na ugonjwa haukuwa tishio kwao.

Wala tusidhani kwamba haya yalikuwa ya Wazungu peke yao. Mwaka 1990, katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, watu zaidi ya 18,000 walipatwa na pellagra. Chakula chao cha msaada kilikuwa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiwakinga zilikuwa zimekatika. Zao liliwafikia, lakini ujuzi wa chungu cha chokaa ulikuwa umebaki ng'ambo ya bahari ya Atlantiki karne nne nyuma.

Hapo ndipo hadithi ya mkahawa wa Denver inapofika mezani kwetu. Sisi nasi ni wateja wa duka lile lile. Mara nyingi nimewasikia wazee wenzangu, hasa katika harusi na misiba, wakiwaambia vijana kwamba ugali wa sembe na maharage ndicho chakula chetu cha asili, na kwamba mababu zetu walikula hicho tangu dunia iumbwe. Mababu wa mababu zetu walikula mtama, uwele, ulezi, ndizi na viazi vikuu. Mahindi yalifika pwani yetu katika zama za Wareno, yakapanda bara polepole kwa misafara, na yakatawala vyungu vyetu katika karne moja na ushei iliyopita tu. Nyanya ya mchuzi wetu, pilipili ya kachumbari yetu, maharage tuliyolishwa shuleni kila siku ya Mungu, na parachichi la uani, vyote hivyo vina mashina yao ng'ambo ya Atlantiki. Mwaka 1974 mvua zilipokatika na serikali ikatuhimiza kulima kufa na kupona, tulipanga foleni kupokea mahindi ya njano kutoka Marekani. Tuliyanung'unikia rangi yake. Hatukufikiri kwamba zao la njano na zao letu jeupe ni mtu na ndugu yake, na kwamba babu yao ni mmoja.

Sisemi kwamba ugali si wetu. Ni wetu, kwa jasho na kwa mazoea ya vizazi, kama burrito ilivyo ya mtoto wa Denver. Kitu kinaweza kuwa chako na bado ukawa na deni juu yake. Deni hilo halilipwi kwa fedha peke yake, ingawa senti moja kwa ratili si ya kudharauliwa. Hulipwa kwanza kwa kujua, na mtu anayejua huona haya kuwadharau waliomlisha. Mwalimu anayesimama mbele ya darasa lake na hindi moja mkononi anaweza kufundisha jiografia, vita, biashara, afya na adabu kwa kipindi kimoja, bila kitabu chochote cha kununua.

Wajukuu wangu nimewaeleza safari hii yote, kituo kwa kituo, kutoka Denver hadi Mission, kutoka Mission hadi kaskazini ya Mexico, na kutoka huko hadi bonde la Balsas. Yule wa darasa la saba aliuliza majina ya wakulima wale wa kwanza. Nilimwambia kwamba hayajulikani. Akauliza tena, sasa tutawashukuruje watu wasio na majina? Ni swali zuri kuliko maswali yote niliyoulizwa darasani, nami nilimjibu kama ninavyomjibu msomaji: wana vitukuu, na vitukuu hao wana majina. Anza na hao.